Maneno Manne ya Mwalimu Luo

Katika soko la vitambaa la Zhongda, mjini Guangzhou, China, wakalimani wako tele, na wengi wao Kichina chao kinaanzia kwenye bei na kuishia kwenye bei. Lakini ukimtaka mtu wa kumfanya bosi wa Kichina atue kikombe, avue miwani na kujipiga paja kwa furaha, yuko mmoja tu. Huyo ni Rodrick, kijana wa Muleba ambaye ujana umeshamwacha bila kumwarifu, na ambaye sokoni wanamwita Luo laoshi, yaani Mwalimu Luo, ingawa hajawahi kumfundisha mtu hata kuandika jina lake.

Siri yake ni maneno manne. Wachina wana misemo ya tangu zamani, kila mmoja silabi nne, haizidi wala haipungui, na mingi kati ya hiyo kazi yake ni kusema mtu ana tabia gani. Upo wa mkarimu na wa mchoyo, wa mwoga, wa mnafiki, wa mtu anayeringia cheo cha mjomba wake. Wachina wenyewe wanaitia katika mazungumzo kama chumvi, kidogo na mahali pake. Rodrick anaitia kama mtu aliyeambiwa chumvi leo ni ya bure. Anasema ameihifadhi mia nane na kumi na mbili, na hajatokea wa kumbishia, maana hakuna aliyewahi kukaa akamsikiliza mpaka mwisho.

Utamkuta anaingia dukani na mteja, tuseme Mulumba wa Lubumbashi, mnunuzi wa lasi za harusi, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya, ambaye Kichina chake chote ni kidole na kalkuleta. Mulumba anabonyeza tarakimu, bosi anatikisa kichwa: bu xing, haiwezekani. Hapo Rodrick anasogea, anamkazia bosi macho, anayafumba nusu kana kwamba anasoma kitu kwenye moyo wa mwenzake, kisha anatoa, "Da gong wu si!" Maana yake mtu wa haki asiyejipendelea. Bosi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumpendelea mtu mwingine yeyote isipokuwa nafsi yake, anaona haya, anacheka, anamimina chai, na bei inalegea.

"Umemwambia nini, Prof?" Mulumba huuliza.

"Nimemwambia ukweli."

Kuna upande wa pili pia wa kazi hiyo, ambao Mulumba hatafsiriwi. Bei ikishakubaliwa, Rodrick humgeukia bosi na kumwonjesha tabia ya mteja naye. Mulumba, kwa sababu habandui hata senti, amepewa "yi mao bu ba", mtu asiyekubali kung'olewa unywele mmoja. Mabosi hucheka mpaka chai inawapalia. Mulumba, akiona watu wanacheka, hucheka pia, tena kuliko wote, na huwapa mkono. Mambo hayo Rodrick aliyaita kujenga uhusiano. Mimi nina jina jingine, lakini tusonge mbele.

Ugonjwa huu ulimwanza chuoni. Alikuja Guangzhou kwa ufadhili wa masomo, akiwa na sweta la mama yake na nia njema kabisa ya kujifunza. Mwaka wa pili wakaandaa mashindano ya hotuba kwa wanafunzi wa kigeni. Wenzake walizungumzia urafiki wa mataifa. Rodrick alipanda jukwaani kwa tai ya kipepeo akamsifu mkuu wa idara kwa misemo arobaini mfululizo, dakika tatu, bila kuvuta pumzi. Mkuu wa idara alijifuta macho. Watu walisimama. Alishuka pale na jiko la umeme la kupikia wali pamoja na imani kwamba duniani hakuna moyo usiofunguka kwa silabi nne. Jiko lilikufa baada ya miezi sita. Imani ilidumu.

Mtu wa kwanza kuitilia shaka alikuwa Gaudiosa. Huyu ni mwanamke wa Karagwe, anasomea shahada ya uzamivu katika mambo ya udongo, mwenye kucha fupi na maswali mafupi. Rodrick alimtongoza kwa "xiu wai hui zhong", akamfafanulia kwamba maana yake ni mzuri nje, mwerevu ndani.

"Hayo yameandikwa kwenye chupa ya shampuu yangu," Gaudiosa alisema.

"Basi hata wenye shampuu wamekujua."

"Rodi, hebu niambie. Mimi napenda kula nini?"

Rodrick alifikiri. Walikuwa wamekula pamoja kila Jumapili kwa mwaka na nusu. "Wali," alisema.

Gaudiosa alicheka, lakini alicheka akitazama pembeni. Wali humletea kiungulia, na kila Jumapili alikuwa akiusukuma kando ya sahani mbele ya macho ya mtu yuleyule. Hata hivyo alimkubali, maana moyo hauna shahada, na tena Rodrick ni mtu wa kuchekesha.

Katika miaka yote hiyo maneno yalimkimbia mara moja tu. Mwaka juzi Mulumba aliumwa kidole tumbo kikapasuka, akapelekwa hospitali akiwa kijivu usoni. Rodrick alikaa naye siku nne kwenye kistuli cha plastiki. Alipojaribu kuwaeleza madaktari, misemo yake mia nane haikuja hata mmoja. Alisimama kwenye ujia akasema kama mtoto wa chekechea: "Tafadhali. Anaumwa sana. Mimi naogopa. Tafadhali." Alimwosha mgonjwa, alimlisha uji wa mchele kwa kijiko, aligombana na muuguzi kwa ishara. Mulumba alipopona, Rodrick alimwomba asimsimulie mtu. Hakuwa akificha wema. Aliona aibu kwamba msomi wa kiwango chake alisikika akiongea Kichina cha namna ile.

Ni katika ujia huohuo wa hospitali alikopatia wazo lake kubwa. Ukutani palikuwa pametundikwa bendera za shukrani, jinqi wanavyoziita: kitambaa cha mahameli nyekundu, matamvua ya manjano chini, juu jina la anayeshukuriwa, chini jina la anayeshukuru, na katikati, kwa herufi za dhahabu, tabia yake kwa maneno manne. Mgonjwa aliyepona humpa daktari, na aliyerudishiwa pochi humpa askari. Mpewaji huitundika pale wageni watakapoiona, kisha hujifanya haioni.

Mulumba alimpa daktari wake bendera moja. Rodrick aliwaza jumla.

Kila mteja wake Mwafrika alikuwa na bosi anayetaka kumlainisha, na hakuna bosi aliyewahi kupewa kitu kama hicho na mgeni. Nyuma ya soko kuna mzee anayezishona, akamweleza mambo ya kibiashara: kila msemo mpya unahitaji kiolezo kipya, lakini ukichukua nyingi za maneno yaleyale, kazi ni nyepesi na bei ni nzuri. Kubadilisha majina juu na chini si tatizo. Rodrick akachagua "yan er you xin", mtu ambaye akisema ametimiza, akaagiza kumi na tisa. Kila bosi alikabidhiwa yake kwa mikono miwili, na kila mmoja aliambiwa kwa sauti ya chini kwamba Mwalimu Luo ametafuta siku tatu mpaka kupata maneno yanayomfaa yeye na si mtu mwingine. Na kwa kuwa Zhongda ni soko kubwa, majengo kwa majengo, alihakikisha bendera zimetawanyika. Mwizi wa kuku hana mipango mizuri kama hiyo.

Mmoja wa wale kumi na tisa alikuwa Bosi Liang.

Liang ana duka la lasi na kitambaa cha shela, ghorofa ya tatu. Ni mwanamke wa hamsini na kitu kutoka Shantou, mdogo wa umbo, ana trei ya chai yenye vikombe visivyozidi ukubwa wa kifuniko cha chupa, na anajua maneno kumi ya Kiswahili. Wenye maduka wote wa pale wanayajua hayohayo: rafiki, mama, bei, hapana, kesho, na mengineyo. La kwanza kabisa wanalojifunza ni "muongo", kwa sababu ndilo wanaloitwa na wateja tangu asubuhi wanapofungua shata. Liang aliulizia maana yake wiki ya kwanza, akaambiwa, na hakulisahau.

Pengine halikumtoka kwa sababu halikuwa lake. Mwanamke huyu ana desturi moja iliyowafanya majirani wamwone ana kichaa kidogo. Kabla ya kuuza jora, hulifungua lote juu ya meza na kulipitisha mkononi, na kila penye kasoro, uzi uliokatika au doa, hufunga kipande cha uzi mwekundu pembeni mwa kitambaa ili mnunuzi akione. Wengine hukunja kasoro kwa ndani na kumwombea mteja safari njema.

Bendera aliipokea kwa mikono miwili. Aliishika muda mrefu, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akaitundika juu ya trei ya chai. Miaka thelathini ya kufunga uzi mwekundu, na mtu alikuwa ameona hatimaye. Hivyo ndivyo alivyodhani, na ilimgusa.

Basi Rodrick alipomwendea mwezi Juni na shida yake, alimkuta ameshalainika. Kibali cha Rodrick cha kuishi China kilikuwa kinaisha tarehe thelathini. Ili apate kingine alihitaji mwajiri, na mwajiri aweke sahihi na mhuri kwenye barua. Bila barua ni kurudi Muleba. Gaudiosa alikuwa amebakiza miaka miwili ya udongo wake, na alishamwambia bila kuzungusha, "Mapenzi ya simu mimi siyawezi, Rodi. Ukiondoka umeondoka." Bosi Liang alikuwa anatafuta mtu wa kuhudumia wateja wa Afrika. Akasema, njoo Alhamisi saa nne, mlete na mteja mmoja anayekujua vizuri, tuzungumze kidogo kisha niweke sahihi.

Rodrick alirudi nyumbani akiruka ruka. Alimwambia Gaudiosa barua imeshapatikana. Siku hiyo, kwa kweli, ilikuwa imeshapatikana.

Jumatano mchana Bosi Liang, kwa furaha tu, akapiga picha bendera yake na kuituma kwenye kundi la simu la wenye maduka. Aliandika chini yake: *Rafiki yangu wa Afrika ananiona hivi. Nimeona haya.*

Kisha ikaingia picha. Bendera nyekundu, matamvua ya manjano, maneno manne yaleyale, jina la mwenye duka la zipu. Ikaingia nyingine, ya muuza satini. Nyingine, ya muuza vifungo. Simu ililia mfululizo kama kuku anayetaga mayai mengi kwa pupa, na watu wakaanza kuandika kwa kicheko. Ya kumi na nane ilikuwa ya Bosi Huang wa jengo la pili, ambaye jora lake la mita thelathini lina mita ishirini na saba, jambo linalojulikana hata kwa walinzi. *Mtu ambaye akisema ametimiza.* Liang aliweka simu kifudifudi, akaenda kumhudumia mteja.

Rodrick hakuwa kwenye kundi hilo, kwa hiyo Alhamisi alifika akiwa amenyoosha shati, marashi yakitangulia. Mulumba alimfuata nyuma na suti yake ya Jumapili, maana aliambiwa anakwenda kuwa shahidi. Bendera ilikuwa bado juu ya trei ya chai. Mezani palikuwa na barua, na juu ya barua kalamu. Rodrick alipoiona kalamu moyo wake ulicheza.

"Dada Liang!" alianza. "Leo umependeza, kwa kweli wewe ni…"

"Kaa, Mwalimu Luo."

Alimimina chai vikombe vitatu. Kisha akachukua simu, akaiweka mbele yake, na kuanza kupitisha kidole. Zipu. Satini. Vifungo. Alipitisha taratibu, kama anavyopitisha kitambaa mezani. Mulumba aliinamia kuona, akasema kwa furaha, "Eh, drapeau! Bendera ya wote!" Hakujua anamsaidia nani.

"Huang naye?" Liang aliuliza.

Rodrick alihisi marashi yake yanamnukia vibaya. Alisema kwamba Huang ana upande ambao watu hawaujui. Alisema kwamba fadhila si mali ya mtu mmoja. Alitoa msemo kuhusu nyoyo za wengi zinazokuwa ukuta, ambao haukuhusika na lolote.

"Sikukasirika," Liang alisema. "Nimefanya biashara, najua kununua jumla. Nakuuliza kitu kimoja. Umekuja hapa miaka sita. Mimi ni mtu wa namna gani? Usinipe maneno manne. Sema kama watu wanavyosema."

Lilikuwa swali rahisi. Rodrick alifungua kinywa na ikatoka misemo mitatu kabla hajaizuia. Liang akainua mkono. Alijaribu tena. Alitazama ukuta, alitazama birika, alitazama majora yamepangwa na vipande vya uzi mwekundu vinaning'inia pembeni, vitu alivyopita karibu navyo miaka sita.

"Wewe ni mtu mzuri," alisema.

Liang alingoja.

"Una duka zuri."

Hapo hata mimi ninayesimulia namwonea huruma, ingawa si sana. Alikuwa amewaelezea mabosi wa soko zima tabia zao, na sasa alikuwa hana la kusema juu ya mtu aliyekaa mbele yake.

"Muulize mwenzako," Liang alisema. "Na ukinitafsiria, nipe kama alivyosema. Usiongeze."

Mulumba aliposikia swali alijiweka sawa kwenye kiti.

"Uyu mama? Bon. Mwaka ya kwanza nilifika apa nilichagula lasi ya blanche, nyeupe ya harusi, majora makumi mbili. Akayifungua yote. Yote, Prof! Anapitisha mukono pole pole, pa kuharibika anafunga kauzi ka rouge. Mi nikasema, uyu mama ni wazimu, ananionesha mabaya ya bintu yake mwenyewe! Sasa bibi yangu kule Lubumbashi anauzisha bila kufungua, juu anajua uyu mama alishafungua. Na ile siku nilipata habari mama yangu alikufa, nilikuwa apa apa. Alifunga magazini, duka yote, mchana kati. Tukakunywa chai. Hakusema kitu. Hakuna mutu alinisaidia kumupita."

Rodrick alitafsiri. Na kwa kuwa hakuna kitu cha kuogopa katika maneno yale, aliyatafsiri vizuri, neno kwa neno, mpaka kwenye chai na kimya chake. Bosi Liang alitazama chini. Alichukua kitambaa kidogo akafuta meza iliyokuwa kavu. Ukimwona, ungesema bendera ya kweli ameipata sasa hivi.

Rodrick alianza kupumua. Aliona kalamu haijaondolewa.

"Sasa muulize juu yako," Liang alisema. "Mwalimu Luo ni mtu wa namna gani? Unitafsirie vilevile."

Rodrick aliuliza. Mulumba alicheka kicheko chake cha kwaya, duka zima likatetemeka.

"Weye? Weye ni muongo, Prof. Muongo kabisa! Unadanganya ba-Chinois, unatudanganya na siye, unafikiri hatuone. Hata minajua wanachekaka nini kama unawaambia habari yangu." Kisha akaacha kucheka. "Mais ile mwaka nilipasuliwa, ulikaa siku ine kwa kiti ya plastique. Ulininawisha sawa mutoto. Ulikuwa unaogopa kunipita. Ndugu yangu ya tumbo moja hangefanya vile. Mwambie na ile."

Akamaliza, akanywa chai yake kwa mfundo mmoja.

Rodrick alitazama kikombe chake. Neno la kwanza lilimchoma, na la katikati lilimchoma zaidi, maana miaka yote alidhani Mulumba anacheka kwa kutojua. Lakini la mwisho lilimpasua kabisa. Hakuna mtu aliyewahi kusema jambo kama lile juu yake, na lilikuwa kweli. Akaitazama barua. Akamfikiria Gaudiosa. Watu wawili pale mezani walikuwa wanamngoja, na kati yao hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa mlango.

Angeweza kusema: alikaa siku nne kwenye kistuli cha plastiki. Maneno hayo anayajua mtoto. Lakini alitaka jambo lile liwe kubwa, lionekane, limeremete. Aliketi wima.

"Anasema," Rodrick alitafsiri, "kwamba mimi ni mtu wa xue zhong song tan, anayempelekea mwenzake mkaa wakati wa theluji. Kwamba nina she ji wei ren, nimejisahau nafsi yangu kwa ajili ya watu. Kwamba alipokuwa mgonjwa, fadhila zangu zilikuwa juu kama mlima na…"

Aliendelea kidogo. Liang alimwacha amalize. Halafu akasema, kwa Kiswahili, neno moja, silabi zake zote zikiwa safi.

"Muongo."

Mulumba alishtuka, akadhani anaambiwa yeye.

"Nimesikia 'muongo'," Liang aliendelea kwa Kichina. "Mara mbili. Lilikuwa la kwanza kutoka. Limekwenda wapi?"

Uso wa Rodrick ulimwaka moto. "Alisema mimi ni muongo," alisema.

"Na mengine?"

"Mengine ni kweli, Dada Liang. Alipasuliwa tumbo. Nilikaa naye hospitali siku nne, kwenye kistuli. Nilimwosha." Sasa yalikuwa yanakuja, mepesi, maneno ya chekechea. "Niliogopa. Naomba umwulize mwenyewe."

Liang alimtazama Mulumba, aliyekuwa akitikisa kichwa kukubali bila kujua anakubali nini. Akamtazama Rodrick, na ukweli ni kwamba alimwonea uchungu.

"Ningemwuliza," alisema, "lakini mkalimani ninaye wewe tu."

Akafunika kalamu. Barua akaitia kwenye droo, polepole, wala hakuibamiza. Kisha akasimama juu ya kiti, akaishusha bendera, akaitandaza mezani na kuipitisha mkononi kutoka juu mpaka chini, kama kitambaa chochote. Kwenye matamvua ya manjano alifunga kipande cha uzi mwekundu, akakata ncha kwa mkasi, akaikunja bendera vizuri na kumpa Rodrick kwa mikono miwili.

"Chai yako imepoa," alisema.

Kwenye lifti walisimama katikati ya majora ya mtu mwingine. Simu ya Rodrick ilitetemeka: Gaudiosa ameandika *Vipi, Rodi?* Aliirudisha mfukoni bila kujibu. Mulumba alikuwa anaikagua ile bendera, anaugusa uzi kwa kidole.

"Alitia sinyatire kwa barua?"

"Hapana."

"Juu ya nini?" Mulumba alikasirika kweli, sauti yake ikajaa lifti. "Mi nilikusifu muzuri! Nilisema yote ya hospitali! Ao nilikosea kusema?"

Lifti ilifika chini, milango ikafunguka, na wachukuzi wakaanza kuwasukuma kwa majora yao ili wapite.

"Ulinisifu vizuri, ndugu yangu," Rodrick alisema. "Mimi ndiye niliyetafsiri vibaya."